Sanduku la Barua: Ismail wa Misri alijenga, akateka, akafilisika

Toleo lililopita nilimgusia Khedive Ismail kwa aya mbili tu, yule mtawala wa Misri wa kuanzia 1863 mpaka 1879, nikasema aliikuta nchi ina deni dogo akaiacha imeshikiliwa na wadai, na hapo katikati akajenga reli, akafungua mfereji wa Suez na akatuma majeshi mpaka Uhabeshi, Bunyoro (Uganda ya leo) na Kismayu (Somalia ya leo). Barua zimemiminika. Nimechagua hizi, nyingi zilikuwa zinajirudia, na wale mlioniuliza kama ana undugu na Mfalme Farouk, ndio, ni babu yake mzaa baba, tuendelee.

*Shikamoo mwandishi. Umesema deni lilitoka pauni milioni 3 likafika milioni 91 kwa miaka 13. Mimi ni mwalimu wa hesabu na hiyo hesabu inanikataa. Alikuwa anakula hela au? (Mwalimu, Morogoro)*

Marahaba mwalimu. Hela alikula, tusifichane, makasri alijenga mengi na sherehe zilikuwa haziishi, ila ukisema deni lote lile ni ulaji utakuwa umemwonea na papo hapo umewasafisha waliomkopesha, na hao waliomkopesha na watu wao ndo walioandika habari zake kwa muda mrefu.

Anza na pamba. Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe 1861 mpaka 1865, pamba ya kule ikakatika, viwanda vya Uingereza vikawa havina cha kusokota, bei ya pamba ya Misri ikapaa mpaka mauzo yake ya nje yakatoka kama pauni milioni 5 kwa mwaka yakafika karibu milioni 25. Ismail anashika nchi Januari 1863, katikati ya neema hiyo, akapanga mambo yake kwa bei ile. Vita ikaisha, bei ikashuka, mipango ikabaki palepale ilipokuwa.

Na mipango yenyewe haikuwa ya kitoto. Reli aliikuta ina kilomita kama 440 akaiacha imepita 1,900. Waya za telegramu maelfu ya kilomita, mifereji ya umwagiliaji, madaraja mamia, bandari ya Aleksandria, viwanda vya sukari, Maktaba ya Khedive 1870, chuo cha ualimu cha Dar al-Ulum, shule ya serikali ya wasichana 1873, na mtaa mzima mpya wa Kairo ambao waziri wake Ali Mubarak aliusimamia baada ya bosi wake kurudi toka maonyesho ya Paris ya 1867 kichwa kimejaa mabarabara mapana. Vitu hivyo vilikuwepo kweli, watu walivipanda na kuvitumia.

Alafu kuna Suez, ambayo mkataba hakuusaini yeye, alisaini mtangulizi wake Said na Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Said aliahidi vibarua wa kulazimishwa na ardhi, Ismail akataka kuvirudisha, kesi ikapelekwa kwa msuluhishi, na msuluhishi ni nani, Napoleon wa Tatu, mfalme wa Wafaransa, kampuni nayo ni ya Wafaransa. Mwaka 1864 akaamua Misri iilipe kampuni faranga milioni 84. Ukijumlisha na mengine mfereji uliigharimu Misri kama pauni milioni 16 na wenye faida wakawa wengine.

Sasa mikopo. Mkopo mkubwa wa 1873 kwenye karatasi ni pauni milioni 32, riba asilimia 7. Kilichofika Kairo ni kama milioni 20, kwasababu hati ziliuzwa chini ya bei, kamisheni zikakatwa, na hata hiyo 20 sehemu yake kubwa haikuwa fedha taslimu, ilikuwa ni karatasi za madeni ya Misri yenyewe ambazo mabenki waliziokota sokoni kwa bei ya kutupa wakamrudishia yeye kwa bei ya juu. Riba lakini unalipa ya 32. Na pembeni kuna ile mikopo ya muda mfupi, ya miezi, inayozungushwa kila ikiiva, riba yake haisemeki. Mwalimu wewe unazijua kausha damu za mtaani kwetu, unakopa kwa huyu ya Jumatatu ili umlipe yule ya Ijumaa iliyopita, basi ndo hiyo hiyo, tofauti mkopaji hapa ni nchi na wakopeshaji wanavaa kofia ndefu.

Serikali ya Uingereza ilimtuma mbunge Stephen Cave mwishoni mwa 1875 akague vitabu. Cave hakuwa rafiki wa Ismail, aliandika mabaya mengi kuhusu ubadhirifu wa pale, lakini hesabu zake zikamwonyesha kitu ambacho watu wanakiruka: ukiacha zile za mfereji wa Suez, hela yote iliyokopwa nje ilikuwa imeishia kulipa riba na marejesho ya mikopo yenyewe. Reli, mifereji na shule zililipwa na kodi ya mkulima. Kwahiyo hesabu yako ikikukataa mwalimu jaribu kuifanya bila kujenga chochote, kopa tu ulipe mkopo kwa miaka kumi na tatu kwa masharti yale, itakuja vizuri sana.

*Eti ni kweli opera ya Aida ilitungwa kwa ajili ya ufunguzi wa mfereji wa Suez? Tumebishana kazini. (Dada wa Mikocheni, Dar es Salaam)*

Hapana. Jumba la opera la Kairo lilifunguliwa 1 Novemba 1869 kwa Rigoletto, mfereji ukafunguliwa tarehe 17 mwezi huohuo, mke wa Napoleon wa Tatu yupo, mfalme wa Austria yupo. Aida ilionyeshwa 24 Desemba 1871, ilichelewa kwasababu mavazi na mapambo yalikuwa yanatengenezwa Paris na Paris ikazingirwa na Wajerumani, hakuna kinachotoka. Mlioshinda mdai soda yenu. Ila niongeze kwamba kila mtu anapenda kusema opera ndo iliyomfilisi, ni stori tamu, lakini jumba lile lilijengwa kwa mbao na kwa haraka na ukiliweka mbele ya kamisheni za mkopo mmoja tu halionekani.

*Assalaam aleikum. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Barawa, walikuwa wakitaja "mwaka wa Wamisri". Jee, Misri iliwahi kututawala sisi watu wa pwani? (Msomaji, Lamu)*

Waaleikum salaam. Kutawala ni neno kubwa, waliingia, wakakaa miezi, wakaondoka. Lakini hii ndo habari ninayoipenda kuliko zote humu kwahiyo niruhusu niirefushe.

Mwanzoni mwa 1875 Gordon, yule Mwingereza aliyekuwa gavana wa Ismail kwenye jimbo la Ikweta, kusini kabisa ya Sudan Kusini ya leo, alichoka na Mto Nile. Meli zinanasa kwenye majani, maporomoko yanakata safari, mzigo toka Khartoum unakaa miezi na miezi. Akamwandikia Ismail kwamba njia ya maana ya kufika kwenye maziwa makuu sio mto, ni pwani ya mashariki, tuma meli, shika ghuba upande wa kaskazini ya Mombasa, piga njia ya bara mpaka kwa Mutesa wa Buganda. Ukitazama ramani utaona jamaa hakuwa mjinga, ndo njia ambayo reli ya Waingereza ilikuja kuifuata miaka ishirini baadaye.

Tatizo ni moja, pwani ile ina mwenyewe. Seyyid Barghash wa Unguja alikuwa na bendera yake na askari wake Barawa na Kismayu, na mwaka huohuo ametoka kutembelea London akapokelewa kifalme. Ismail akatuma meli za vita chini ya McKillop Pasha, Mwingereza, na kanali wa Kimarekani Chaillé-Long ndani yake, wakashuka kimyakimya toka Suez, Oktoba 1875 bendera ya Unguja ikateremshwa Barawa, wakaenda Kismayu wakawapokonya silaha askari wa Barghash. Wakautafuta mlango wa mto Juba wapande nao, wakakuta haupandiki kwa meli zao, makaa ya mawe yanaisha, wakakaa pale Kismayu wanasubiri maagizo na chakula.

Barghash jeshi la majini la kupigana na Misri hana. Alichokuwa nacho ni John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza pale Unguja, na mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa ambao Waingereza walimbana akausaini. Hapo akawageuzia kibao: nyie mlinilazimisha nifunge masoko ya watumwa, sasa mnamwachia huyu anichukulie miji? London ikamwambia Ismail atoe watu wake, na kufikia mwanzoni mwa 1876 walishafungasha. Angalia uzito wa hilo jambo, Mwingereza anaongoza meli za Misri, Mwingereza mwingine ndo alietoa wazo, na Waingereza wa London ndo wanaifuta safari yote kwa barua. Hapo nani alikuwa na himaya?

*Habari za kazi. Sisi Bunyoro tunamkumbuka Baker kwa ubaya. Alikuwa mtu wa Malkia au wa Misri? (Msomaji, Hoima)*

Wa Misri, kwa mshahara. Samuel Baker aliajiriwa na Ismail 1869 kwa miaka minne, pauni 10,000 kwa mwaka, hela ambayo leo ungeilinganisha na mkurugenzi wa benki kubwa, na kazi yake iliandikwa ni kufuta biashara ya watumwa kwenye Nile ya juu, kuweka vituo, na kuziingiza nchi zile chini ya Misri. Ile ya watumwa iliwekwa mbele kwa ajili ya magazeti ya Ulaya. Sio kwamba ilikuwa uongo mtupu, baadhi ya vituo vya wafanyabiashara vilivunjwa kweli, ila mwenye kutuma alitaka pembe za ndovu, alitaka chanzo cha mto kiwe mkononi mwake, na alitaka Istanbul na Paris wamwone ni mfalme wa kweli na sio gavana wa Sultani, maana kisheria Misri bado ilikuwa chini ya Uturuki na hata hicho cheo cha Khedive alikinunua 1867, na mwaka mmoja kabla yake alikubali ushuru wa kila mwaka kwa Sultani uongezwe karibu mara mbili ili tu urithi ubaki kwa watoto wake.

Baker alifika Masindi, na 14 Mei 1872 akatangaza kwamba Bunyoro ni ya Misri. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikuwa kijana, miaka michache tu kwenye kiti, na pale pale Masindi akawa anamtazama mgeni anajenga nyumba ya serikali na kupanda mbegu za bustani. Mwezi wa sita ikaletwa pombe ya ndizi kambini, na kwa maelezo ya Baker mwenyewe askari walioinywa wakaanza kuanguka na kujinyonga kwa maumivu, usiku kucha anawatapisha kwa haradali na maji ya chumvi, asubuhi vita. Akashinda mapigano ila chakula hakuna na nchi yote imemkataa, tarehe 14 Juni, mwezi mmoja kamili toka atangaze, akachoma vitu vyake mwenyewe akatoka mbio kuelekea mtoni huku anarushiwa mikuki kwenye majani marefu njia nzima.

Mutesa wa Buganda aliwachezea tofauti. Askari wa Misri walipotumwa kwake 1876 kuweka kituo aliwakaribisha, akawaweka karibu na ikulu yake Rubaga, na kumbe ndo amewafungia, wakawa kama dhamana mpaka Emin, afisa mwingine wa Misri, alipotumwa kuwaombea watoke. Na ile barua ya kuita wamisionari ambayo msafiri Stanley aliiandika 1875 isomeni na jicho hilohilo, mtu ana Wamisri wanashuka toka kaskazini, anatafuta rafiki mwenye bunduki toka upande mwingine.

*Uhabeshi waliwapigaje Wamisri wenye mizinga ya kisasa? (Mwanafunzi, Arusha)*

Mara mbili, kijana, na ya pili kwa aibu zaidi. Ismail alishapata Massawa na Suakin toka kwa Sultani miaka ya 1860, Zeila 1875, Harar ikakaliwa Oktoba 1875, Darfur ilikuwa imeshaangushwa 1874, kwahiyo kwenye ramani Uhabeshi ulikuwa umezungukwa na Mfalme Yohannes wa Nne aliliona hilo vizuri sana. Novemba 1875 kikosi chini ya Søren Arendrup, afisa wa Denmark, kikapanda milima ya Eritrea ya leo kikiwa kidogo na kimegawanyika, Gundet wakaishia humo, Arendrup akafa na karibu watu wake wote. Mwezi huohuo Munzinger, Mswisi aliyekuwa gavana wa Ismail upande ule, akauliwa na Waafar jangwani.

Ismail akatuma jeshi kubwa kulipiza. Kamanda ni Ratib Pasha, mkuu wa maafisa wake ni Loring, jenerali wa Marekani mwenye mkono mmoja aliyewahi kupigania upande wa kusini kwenye vita yao, maana Ismail aliajiri maafisa wa Kimarekani kama hamsini hivi toka pande zote mbili zilizokuwa zinauana juzi tu. Hawa hawaelewani lugha, maafisa wa Kituruki hawawataki Wamarekani, askari ni wakulima waliokamatwa mashambani wanataka kurudi nyumbani. Machi 1876 huko Gura wakatoka nje ya ngome yao kukabili jeshi la Yohannes bondeni, sijui hasa ni lawama ya nani maana waliosalimika wote waliandika wakirushiana mpira, wakavunjwa. Mizinga na bunduki zilizobaki pale Wahabeshi walizitumia miaka mingi baadaye.

*Mimi nafanya kazi benki. Kwanini auze hisa za Suez ambazo zingemlipa milele? Huo ni wendawazimu. (Msomaji, Nairobi)*

Zisingemlipa, ndugu yangu, tayari alikuwa ameshazifunga. Gawio la hisa zile alishaliweka rehani mpaka 1894 kwenye deni la nyuma, kwahiyo alichouza ni hisa zisizotoa chochote kwa miaka 19, na mnunuzi akamwekea sharti kwamba kwa miaka hiyo Misri imlipe riba ya asilimia 5 kila mwaka. Yani umeuza na bado unalipa.

Mwezi ni ule ule, Novemba 1875. Uturuki ilikuwa imetangaza Oktoba kwamba haiwezi kulipa riba zake zote, wawekezaji wa London na Paris wakaogopa kila kitu kinachonukia Istanbul, milango ya kukopa ikajifunga ghafla, na Ismail ana malipo ya Desemba shingoni. Wafaransa walikuwa wanazungumza nae kuhusu hisa, Waingereza wakapata fununu, Waziri Mkuu Disraeli bunge haliko kwenye kikao na serikali haiwezi kuchota hela hivihivi, akaenda kwa Rothschild, mwenye benki, akapata pauni milioni 4 kwa ahadi, Rothschild akachukua kamisheni yake ya asilimia 2.5. Hisa 176,602 kati ya 400,000. Zikahesabiwa na kufungwa kwenye masanduku, meli ya kivita ikazibeba mpaka Portsmouth.

Hela ikamvusha miezi minne. Aprili 1876 akasimamisha malipo, Mei ikaundwa Tume ya Deni, wazungu wanakaa Kairo wanapokea mapato ya mikoa moja kwa moja, na mwisho wa mwaka wakaguzi wawili, Mwingereza na Mfaransa, wamekaa juu ya bajeti nzima. 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha na Mfaransa waziri wa ujenzi, na ni huyo Mwingereza, Rivers Wilson, ambae Ismail alimwambia nchi yake haiko tena Afrika, sasa ni sehemu ya Ulaya. Watu wanalinukuu hilo kama majivuno. Mi nasoma kama mtu anayejaribu kumfurahisha mdai wake sebuleni.

*Mimi ni mkulima wa pamba Kahama. Hujasema mkulima wa kule alipata nini. (Msomaji, Shinyanga)*

Alipata viboko. Samahani kwa ufupi lakini ndo hivyo. Ile neema ya pamba iliwagusa kwa miaka mitatu minne, wengine wakanunua ng'ombe na vito vya wake zao, ng'ombe wakafa kwa tauni iliyopita wakati huohuo, bei ikashuka, na kodi zikaanza kupanda. Mwingereza mmoja, Lucie Duff Gordon, aliyekuwa anaishi Luxor kwa ajili ya kifua chake, aliandika kwenye barua za 1867 kwamba kila siku inakuja kodi mpya, ngamia analipiwa, ng'ombe analipiwa, kondoo, punda, na watu hawali tena mkate. Hapo bado miaka tisa nchi itangazwe imefilisika.

1871 wakaja na kitu kinaitwa Muqabala: lipa kodi ya ardhi ya miaka sita mbele, tukufutie nusu ya kodi milele. Wenye mashamba makubwa wakakimbilia. Hiyo "milele" ilifutwa 1880. Mkulima mdogo asiye na akiba alikopa kwa wafanyabiashara kwa rehani ya mavuno yaliyoko shambani bado kijani, na mtoza kodi alikuja kabla ya mavuno kwasababu wadai wa Ulaya kalenda yao haisubiri pamba. Nile ilipojaa kidogo 1877 njaa ikapiga kusini mwa Misri, watu wanakufa, na mwaka huo zaidi ya nusu ya mapato ya serikali ilienda kwa wenye hati za madeni. Huo ndo mwaka ambao ningependa uingizwe kwenye kila kitabu kinachosifia wakaguzi waliokuja kunyoosha hesabu.

*Salaam toka Muscat, kaka. Wazee wetu wa Unguja wanamsifu Barghash kwa maji ya bomba, Beit al-Ajaib na meli zake. Kama nae alijenga, mbona hakufilisika? (Msomaji, Oman)*

Swali zuri sana hili. Barghash mapato yake yalikuwa ushuru wa forodha, na forodha aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, akina Jairam Shivji na baadae Taria Topan, wanamlipa kiasi cha mwaka na akikwama wanamkopesha wao wenyewe pale pale mjini. Hati zake za madeni hazikuwahi kutembea kwenye soko la London, kwahiyo hakuna mjane wa Paris wala kasisi wa Kiingereza aliyekuwa na akiba yake kwa Barghash, na serikali za Ulaya hazikuwa na watu wa kuwatetea pale. Pia alijenga kwa kiasi, maji toka Chemchem mpaka mjini, hilo jumba la Beit al-Ajaib likamalizika 1883.

Lakini usimshangilie mapema. Deni halikumpata, ramani ikampata. Mjerumani Karl Peters alizunguka bara 1884 na mikataba yake, 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wakampimia ukanda wa maili kumi toka baharini wakasema hii ndo yako, na alipofariki 1888 hata huo ulikuwa unakodishwa. Kirk yule yule wa Kismayu alikuwepo, na safari hii hakuwa na amri ya kumtetea.

*Wazee wa Kinubi hapa Kibra husema babu zao walikuja na jeshi la Misri. Ni ukweli ama ni stori tu? (Kijana, Nairobi)*

Ni ukweli, na waheshimu hao wazee. Ismail mwenyewe alivuliwa 26 Juni 1879 kwa telegramu ya Sultani iliyoandikwa anwani "Ismail Pasha, aliyekuwa Khedive", maafisa wa kasri la Abdin wakaogopa kumpelekea mpaka Sharif Pasha akaibeba, nae akaisoma, akamwita mwanae Tewfik akampigia saluti, siku nne baadae akapanda meli kwenda Naples. Lakini askari wake waliobaki kule Ikweta hakuna aliyewatumia telegramu. Wengi walikuwa watu wa Sudan kusini na milima ya Nuba, waliokamatwa au kununuliwa wakavalishwa sare, bendera ni ya Misri, kiongozi wao sasa ni Emin Pasha, Mjerumani. Waingereza wakaikalia Misri 1882, Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, akaichukua Khartoum Januari 1885, hawa wakabaki peke yao huko juu, wanalima, wanaoa, wanashona nguo za pamba yao wenyewe.

Stanley akaja kumtoa Emin, wakafika Bagamoyo Desemba 1889, ila askari wengi hawakumfuata. Wakakaa karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey na familia zao, maelfu ya watu. Septemba 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawafuata akawaingiza kwenye kazi ya kampuni ya Waingereza, akawapanga kwenye ngome za Toro na mpaka wa Bunyoro, na ndo hao wakatumika kumpiga Kabalega aliyewahi kumfukuza Baker. 1897 wakaasi kwasababu ya mishahara midogo na safari zisizoisha, wakapigwa, waliobaki wakaingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), na wastaafu wao wakapewa pa kukaa pale Kibra, na Bombo kule Uganda. Upande wa huku kwetu pia wapo, Mjerumani Wissmann alipokuja kupigana na Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, 1889 mamia ya askari wake aliwaajiri Kairo, Wasudani walioachishwa kazi kwenye jeshi hilohilo la Misri. Kwahiyo wazee wakikwambia babu zao walikuwa askari wa Misri wana haki, na kama wana karatasi za KAR au picha za zamani mwombe mjukuu mmoja azipige skani kabla mvua haijaingia darini.